Sukari 6.3 asubuhi kabla ya kula: usianze kwa kuogopa chakula, anza na misuli

Mkuu, umeandika kwamba ulipimwa sukari ya damu asubuhi kabla ya kula ikasoma 6.3 (milimoli kwa lita), daktari akakwambia "punguza sukari" na mazungumzo yakaishia hapo. Sasa unauliza kama uanze dawa, na kama uache wanga kabisa. Nimeishi na hali hii kwa miaka kadhaa, kwa hiyo nakujibu kwa niliyoyaona mwilini mwangu na kwa niliyoelezwa na wanaonitibu.

Tuanze na hiyo namba. Shirika la Afya Duniani linahesabu 6.1 hadi 6.9 kuwa sukari iliyopanda bila kufikia kisukari. Chama cha Kisukari cha Marekani kinaanzia chini zaidi, 5.6. Kisukari chenyewe kinaanzia 7.0, na hata hapo mtu asiye na dalili hupimwa tena ili kuthibitisha. Ukikuta mashine inayosoma kwa miligramu, zidisha kwa 18, hiyo 6.3 yako itakuwa kama 113. Kwa hiyo umo ndani ya eneo la tahadhari kwa vigezo vyote viwili, ila kipimo kimoja hakitoshi kumaliza habari. Maradhi, msongo wa mawazo, usiku wa kukesha, dawa za steroidi, vyote hivyo vinaweza kuipandisha.

Omba upimwe HbA1c, kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi 2 hadi 3. Kati ya 5.7 na 6.4 kwa asilimia ndipo tulipo watu wa hali hii, 6.5 na kuendelea ni kisukari. Lakini kama una selimundu, upungufu wa damu, au umeongezewa damu karibuni, mwambie daktari kabla ya kupimwa. Kipimo hicho kinasoma sukari iliyoshikamana na chembe nyekundu, na chembe zikiwa na tatizo majibu hupotosha. Jambo hili husahaulika mno, na huniuma kuona mtu anarudi nyumbani ametulia kwa namba isiyoeleza hali yake.

Sasa sababu yenyewe, maana "punguza sukari" haikuelezi kitu. Ukila, glukosi, yaani sukari itokanayo na chakula, huingia kwenye damu, kongosho likatoa homoni ya insulini, na sehemu kubwa ya glukosi hiyo hupelekwa kwenye misuli. Katika hali yetu insulini inabisha hodi lakini misuli inachelewa kufungua mlango. Kongosho hulazimika kutoa insulini nyingi zaidi, na linaweza kufanya hivyo miaka mingi bila wewe kuhisi chochote. Linapoanza kuelemewa ndipo namba hupanda. Ini nalo lina sehemu yake: usiku hutoa glukosi ili mwili usipungukiwe, na likijaa mafuta halisikii vizuri amri ya insulini ya kupunguza. Ndiyo maana unaweza kulala bila kula kabisa na bado ukaamka na 6.3. Wengi hukata tamaa hapo, wakidhani juhudi zao zimekwenda bure.

Kilichonisaidia kuliko vyote ni kununua glukomita, mashine ndogo ya kupimia sukari nyumbani, na kujipima saa 2 baada ya kuanza kula. Mlo uleule, kiasi kilekile: siku niliyokula nikabaki kwenye kiti ilisoma 9.4, siku niliyoinuka nikatembea kama robo saa mara tu baada ya kula, ilisoma 7.6. Namba zako hazitafanana na zangu, na hata zangu hubadilika siku hadi siku, lakini mwelekeo huo nimeuona tena na tena. Sababu yake inajulikana: misuli inayofanya kazi huvuta glukosi kwa njia nyingine isiyoingojea insulini. Kwa hiyo tembea baada ya mlo mkubwa, hata kwa mwendo wa kawaida. Halafu ongeza mazoezi ya nguvu mara 2 au 3 kwa wiki: kuketi na kuinuka kitini bila kushika, kusukuma ukuta, kubeba vitu vizito kadiri unavyoweza. Watu huyadharau haya wakidhani ni ya vijana, kumbe sisi ndio tunaoyahitaji zaidi, kwa sababu misuli ikiongezeka glukosi inapata pa kwenda.

Kuhusu wanga, usiuache kabisa. Wengi wanaouacha ghafla huurudia kwa hasira. Upunguze hadi robo ya sahani, nusu iwe mboga, robo protini, na anza kula mboga na protini, wanga mwishoni. Vinywaji vitamu ndivyo vya kuacha leo, pamoja na juisi, hata ile isiyoongezwa sukari. Kula tunda lenyewe, usilikamue.

Uzito pia, kama umezidi. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002, wenye watu zaidi ya 3,000 wa hali yetu, uliwawekea kundi moja kati yao lengo la kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki. Hatari ya kundi hilo kupata kisukari ilishuka kwa asilimia 58, ikilinganishwa na waliopewa dawa bandia. Kwa waliopewa metformini, dawa ya kushusha sukari, ilishuka kwa asilimia 31. Kwa mtu wa kilo 80, asilimia 7 ni kilo 5 na nusu hivi. Hayo ni mabadiliko yanayofikika.

Metformini basi si ya kukimbilia wala kuikataa. Hufikiriwa zaidi kwa mwenye uzito mkubwa sana, aliye chini ya miaka 60, au mwanamke aliyewahi kupata kisukari cha mimba. Usiinunue mwenyewe, kwa sababu figo zinapaswa kupimwa kwanza, na ukiitumia kwa muda mrefu vitamini B12 inaweza kushuka.

Ukirudi kwa daktari, pima na presha na mafuta ya damu, maana moyo nao uko hatarini hata kabla ya kufika 7.0. Rudia kipimo cha sukari angalau kila mwaka. Ukianza kuwa na kiu isiyoisha, kukojoa mara kwa mara, au kukonda bila sababu, usingoje tarehe, nenda siku hiyohiyo. HbA1c ikitoka, iweke hapa pamoja na umri wako na dawa nyingine unazotumia, tuendelee kutoka hapo.