Wingu Dogo la Magellan: "lina" au "ina"?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Ninafundisha Songea, naandaa makala kuhusu nyota kwa wanafunzi wangu. Niliandika, "Wingu Dogo la Magellan ina mamilioni ya nyota." Mwenzangu akanisahihisha: "lina". Lakini hili si wingu la mvua, ni galaksi, yaani kundi kubwa mno la nyota. Mbona tunasema "Simba imeshinda", kwa kuwa tunamaanisha timu?

Jibu: Marahaba. Mwenzako yuko sahihi, ila hoja yako ya Simba ina uzito.

Jina "Simba" limesimama peke yake, kwa hiyo "timu" isiyotajwa ndiyo inayoleta "i-". Ndivyo tunavyosema "Rufiji umefurika", mto ukiwa akilini. "Wingu Dogo la Magellan" halimo katika kundi hilo. Nomino kuu imetajwa waziwazi, na "la" limeshatangaza ngeli kabla kitenzi hakijafika. Ukishasema "la", sikio linasubiri "lina". Linganisha: "Shirika la Afya Duniani limetangaza", lakini "WHO imetangaza". Vivyo hivyo, katika orodha za wataalamu wa falaki galaksi hii ni NGC 292, na hapo "NGC 292 ina mamilioni ya nyota" ni Kiswahili safi. Ukitanguliza "galaksi ya", rudi kwenye "ina".

Panapotatiza kweli ni pale nomino zote mbili zinapokutana. Mimi ningeandika hivi: "Wingu Dogo la Magellan ni galaksi ndogo isiyo na umbo maalumu, iliyo umbali wa miaka ya nuru 200,000 hivi, nalo huonekana kwa macho matupu." "Isiyo" na "iliyo" zinafuata galaksi, "nalo" linarudi kwa wingu. Au: "Mwaka 1912 mwanafalaki Henrietta Leavitt wa Chuo Kikuu cha Harvard alionyesha, kwa nyota 25 za Wingu Dogo, ambalo lote liko karibu umbali mmoja kutoka kwetu, kwamba nyota hizo kadiri zinavyong'aa zaidi ndivyo mzunguko wa kubadilika kwa mwangaza wake unavyokuwa mrefu." Sentensi hiyo wape wanafunzi, ugunduzi wenyewe ndio uliowezesha kupima umbali wa galaksi nyingine.

Ukiliunganisha na kaka yake, Wingu Kubwa, andika "Mawingu ya Magellan yanaonekana". Hapo Songea, Novemba mwanzoni, kukiwa hakuna mwezi wala mawingu ya mvua, tazameni kusini mnamo saa nne usiku. Wingu Dogo litakuwa chini kiasi, na Wingu Kubwa upande wa kushoto.