Darubini ya Ruger 10/22: kazi inaanzia kwenye skrubu nne

SWALI: Fundi, habari za kazi. Naishi Columbus, Ohio. Nyumbani Tanzania nilipitia JKT, nikajifunza kulenga kwa bunduki ya SAR na vilengeo vyake vya chuma. Darubini sijawahi kuitumia. Sasa nimenunua bunduki mpya ya .22, Ruger 10/22, ile ya kawaida ya kitako cha mbao, na nataka kushiriki Rimfire Sporter, mashindano ya kulenga shabaha kwa bunduki za .22, pale Camp Perry, hapa hapa Ohio, mwezi Julai. Dukani wananishauri nichukue darubini ya 4-16x50, reli yenye mwinamo wa dakika 20, miguu miwili ya kusimamishia na leza. Nichukue lipi, niache lipi?

JIBU: Ndugu yangu, hukuwa na haja ya kuuliza dukani. Kanuni za mashindano yenyewe zinajibu nusu ya swali lako. Katika daraja la darubini, ukuzaji hauruhusiwi kuzidi mara 6, na bunduki pamoja na kilengeo chake isizidi pauni 7.5, yaani kama kilo 3.4. Miguu miwili haina nafasi. Utalenga ukiwa umelala, umeketi au umepiga goti, kisha umesimama, na kinachokusaidia ni mkanda wako na mifupa yako. Kwa hiyo ile 4-16x50, yaani inayokuza mara 4 hadi 16 na yenye kioo cha mbele cha milimita 50, utaibeba na uzito wake wote, halafu ukae umeifunga kwenye 6. Leza iache dukani.

Nunua darubini ndogo ya risasi za .22: ama ya ukuzaji mmoja wa 6, ama 2-7x32 ambayo utaiweka kwenye 6 au chini yake. Jambo la kumuuliza muuzaji ni paralaksi yake imewekwa umbali gani. Paralaksi ni ule mchezo wa msalaba wa kulengea kuonekana unatembea juu ya shabaha pale jicho linaposogea kidogo, ilhali bunduki imetulia tuli. Darubini za bunduki kubwa huwekwa yadi 100 au 150, na za .22 huwekwa yadi 50 au 60. Wewe utalenga yadi 50, na ukisimama yadi 25. Chukua kioo cha mbele cha milimita 32 kilichowekwa yadi 100: kwenye yadi 50 jicho likiwa pembeni kabisa, kosa linaweza kufika milimita 8. Ile iliyowekwa yadi 60 haifiki hata milimita 3. Milimita 8 zinatosha kukunyang'anya alama ya kumi, nawe ukabaki unalaumu pumzi yako.

Kuhusu reli ya dakika 20. Dakika moja ni sehemu ya 60 ya digrii, na kwa mita 100 ni kama sentimita 2.9. Reli hiyo imetengenezwa ikiwa imeinama mbele ili darubini isiishiwe na marekebisho mtu anapolenga mbali sana. Risasi ya .22 ya kasi ya kawaida, ikiwekwa ziro yadi 50, yaani darubini ikirekebishwa ili risasi igonge pale unapolenga kwa umbali huo, hushuka kama sentimita 15 hadi 18 ikifika yadi 100. Hizo ni dakika 6 au 7, na darubini yoyote ya maana inazo. Anayelenga yadi 200 na zaidi ndiye mwenye shida hiyo. Wewe huna.

Sasa rudi nyumbani ufungue boksi la bunduki tena. 10/22 ya kawaida huja na reli fupi ya alumini pamoja na skrubu zake nne, na watu wengi huitupa kabatini wakidhani ni kipuri cha ziada. Inapokea pete za kushikilia darubini za aina mbili: zile nyembamba za bunduki za .22, na zile za mtindo wa Weaver. Chukua za Weaver, zina mshiko mpana zaidi. Angalia usiuziwe pete za Picatinny. Kipingo chake, yaani kile chuma kinachokingama chini ya pete na kukaa kwenye mfereji wa reli, kimetengenezwa kwa mfereji wa milimita 5.2, na mfereji wa Weaver ni wa milimita 4.6, hakiingii. Kinyume chake kinawezekana: pete za Weaver hukaa kwenye reli ya Picatinny.

Urefu wa pete: chukua fupi kuliko zote zinazoacha kioo cha mbele bila kugusa mtutu. Kitako cha bunduki yako kilichongwa kwa ajili ya vilengeo vya chuma, ambavyo viko chini. Ukipandisha darubini juu, shavu linaachana na mbao, kichwa kinaning'inia, na hapo ndipo paralaksi inapopata mwanya. Hii ndiyo sababu nyingine ninayopenda milimita 32 kuliko 50. Kama bado shavu halikai, usibandike kitu juu ya kitako kabla hujasoma kanuni za mwaka huu kuhusu vitako.

Nifike kwenye skrubu nne, maana hapa ndipo ninapoona pesa za watu zikipotea. Alikuja mteja karakana kwangu akiwa ameshabadilisha darubini mara mbili, na safari hii alitaka nimbadilishie mtutu. Risasi zake zilikuwa zinatawanyika, leo kushoto, kesho juu. Nilivua darubini, nikakuta skrubu mbili za reli zinazunguka kwa kidole. Mtutu wake ulikuwa mzima. Mwili wa 10/22 ni wa alumini, na ingawa risasi ya .22 haina teke, ule mtambo wa chuma unaokwenda na kurudi ndani kila unapofyatua hutikisa kila kitu kilichofungwa juu yake.

Kwanza toa magazini, halafu vuta mtambo nyuma uangalie chemba kwa macho na kwa kidole. Kutoa magazini peke yake hakuondoi risasi iliyokwisha kuingia chemba. Baada ya hapo futa mafuta yote kwenye matundu na kwenye skrubu kwa spiriti, acha yakauke, tia tone dogo la gundi ya bluu ya kushikilia nyuzi za skrubu, si ile nyekundu. Kaza kwa bisibisi ya kupima mkazo hadi nyutoni-mita 1.7, ambayo kwenye bisibisi za Marekani inasomeka inchi-pauni 15. Ukikaza kwa nguvu za mkono tu utakwangua nyuzi za alumini, na kulitengeneza tundu hilo ni ghali kuliko bisibisi yenyewe. Pete zisukume mbele hadi kipingo kiguse ukuta wa mfereji, ndipo ukaze.

Kabla ya kubana vifuniko vya pete, keti kama utakavyoketi mashindanoni, funga macho, tia bunduki begani, weka shavu, fungua macho. Picha iwe imejaa, bila kivuli cheusi pembeni. Ukilala, kichwa husogea mbele. Ukisimama, hurudi nyuma. Mkao wa kuketi unakupa katikati. Msalaba usimamishe kwa timazi, kama ile ya fundi mwashi: ning'iniza uzi wenye uzito mbali kidogo, bunduki iwe sawa kwa pima maji, mstari wa wima ufuate uzi. Kisha kaza vifuniko kidogo kidogo kwa kupishana, nafasi ziwe sawa pande zote mbili, kwa mkazo ule ule.

Katika kuweka ziro, 10/22 haina njia ya kuchungulia ndani ya mtutu kutoka nyuma, kwa sababu mwili wake umefungwa huko. Anza yadi 25 na karatasi kubwa, ukishapata katikati nenda yadi 50 umalizie. Darubini yenye kliki za robo dakika itasogeza kama milimita 3 kwa kila kliki kwenye yadi 50. Ukirudi yadi 25 kwa ajili ya kusimama, risasi zitagonga karibu pale pale. Zihakikishe kwa risasi tano, halafu usiguse vifundo vya marekebisho vya darubini tena. Tumia risasi za aina moja tangu mazoezini hadi siku yenyewe.

Na ziro iwekwe mkanda ukiwa umevutwa mkononi vile vile utakavyouvuta Camp Perry. Bunduki yako ina kile kikuku kinachofunga mtutu na mbao kwa mbele. Mkanda ukivuta mbao, mtutu nao unaguswa, na risasi zinahama. Watu huweka ziro juu ya mfuko wa mchanga mezani, wakafika uwanjani na mkanda, wakashangaa.

Vilivyobaki ni vichache: mkanda wa turubai wa inchi moja na robo, magazini ya pili, na kibendera cha chemba, ambacho ni lazima kwenye mistari yao ya kulengea. Sehemu za haraka ni risasi tano ndani ya sekunde 25 kwa bunduki kama yako, na magazini inayokuja nayo inabeba kumi, hivyo mbili zinatosha kabisa. Pesa utakayobakiza nunulia risasi za mazoezi, hasa ya kusimama, maana SAR ulilenga kwa vilengeo vya chuma, na darubini itakuonyesha kila mtikisiko wa mwili wako ambao zamani hukuuona.