Ukichoka pamoja na mnyama wako, mtajie daktari wote wawili

Uchovu usiokwisha ni ugonjwa mgumu kuueleza. Malaria haionekani, dawa za taifodi unameza bila nafuu, na watu wa nyumbani wanaanza kukuona mvivu. Mimi uliniandama hapa Uyole, Mbeya, wakati uleule mbwa wetu alipoacha kubweka na kushinda amelala.

Wa mbwa ulijulikana mapema. Bwana mifugo alimfunua mdomo, akakuta fizi zimekuwa nyeupe, kisha akatuonyesha kupe masikioni na katikati ya vidole. Kupe wa kahawia humwachia mbwa vijidudu vya Ehrlichia. Damu hupungua, anakonda, na asipotibiwa hudhoofika kwa miezi. Dawa ni doksisaiklini, kwa kawaida wiki 4, nanyi msiikatishe akianza kuchangamka. Ugonjwa huo hauambukizi kwa kumshika mbwa, kupe ndiye mwenezaji. Basi msimfukuze, mwogesheni dawa ya kupe na banda mlinyunyizie.

Wangu ulikuwa brusela, ambao wafugaji wanauita ugonjwa wa kutupa mimba. Homa inakuja na kuondoka, viungo na kiuno vinauma, usiku jasho linalowesha shuka katika baridi hii yetu! Nilipomweleza daktari kwamba ng'ombe tunakochukua maziwa alitupa mimba, ndipo akaagiza kipimo chake. Nilipewa dawa za aina mbili kwa wiki 6, na nguvu zilirudi polepole sana.

Kwa hiyo nawasihi, semeni habari za mifugo hospitalini hata msipoulizwa: nani ametupa mimba, nani amezalisha mbuzi kwa mikono mitupu, nani anakunywa maziwa mabichi. Homa ya Q, iliyoelezwa na Edward Derrick mwaka 1937 kwa wafanyakazi wa machinjio huko Brisbane, Australia, nayo hutoka kwenye uzazi wa mifugo, na baadhi ya watu huwaachia uchovu wa muda mrefu. Upo pia uchovu sugu ambao sayansi haijapata chanzo chake kimoja. Huo haujathibitishwa kutoka kwa mbwa wala paka, msiwasingizie.

Maziwa ya mtindi nayo yachemsheni kwanza ndipo mgandishe, kwa sababu uchachu peke yake hautoshi kuua brusela. Anayezalisha mnyama avae glavu. Kondo la nyuma lifukieni chini kabisa, mbwa asilifukue, maana akilila naye anaweza kuambukizwa.