Masuali yenu ya muziki: nyota tano, nyota mbili na noti ya kutunza

Tangu Taylor Swift, muimbaji wa Marekani, atoe albamu yake The Life of a Showgirl tarehe 3 Oktoba 2025, masuali ninayoletewa hayahusu jengine. Nimechagua sita. Yaliyobaki ni matusi baina ya wanaompenda na wasiompenda, hayo malizaneni barazani.

*Ammi, jarida la Rolling Stone limeipa albamu nyota tano, gazeti la The Guardian la Uingereza likaipa mbili. Wamesikiliza kitu kimoja kweli? (Kikwajuni)*

Kimoja, ila kila mmoja alikwenda na kiu yake. Albamu iliyotangulia, ya Aprili 2024, ilifika nyimbo 31, na wengi walilalamika kuwa imerefushwa mno. Safari hii nyimbo ni 12, dakika kama 42, na amerudi kwa Max Martin na Shellback, mafundi wa kutunga na kutayarisha muziki kutoka Sweden, walioshiriki vibao vyake vikubwa vya 2012 mpaka 2017. Kwa majina hayo, watu walishajifunga vibwebwe. Aliyefurahi kupata albamu fupi, ya mwanamke mwenye raha zake, alitoa tano. Aliyesubiri viitikio vya kumganda wiki nzima, akakuta midundo imepoa na maneno mepesi, alitoa mbili. Wengi wamesimama katikati. Ukikutana na uhakiki, ruka nyota uende aya ya pili au ya tatu. Huko ndiko mhakiki anakokwambia alikuwa akitaka nini, nawe utajua kama kiu yake ni yako.

*Lakini kauza milioni nne Marekani kwa wiki moja! Hao wahakiki si wivu tu? (Wete, Pemba)*

Hesabu ni ya kweli: milioni 4.002 wiki ya kwanza, rekodi ya muimbaji wa Uingereza, Adele, ya 2015 ikavunjika. Sasa ichambue. Zaidi ya milioni 3.4 ni albamu zilizonunuliwa hasa, nyengine ni usikilizaji wa mtandaoni uliogeuzwa kuwa hesabu ya mauzo. Katika zilizonunuliwa, milioni 1.3 na ushei ni santuri. Naam, sahani zile zile za babu yako. Matoleo yalikuwa zaidi ya 30, hili rangi hii, lile picha ile, na mpenzi wa kweli hanunui moja. Isitoshe, aliitangaza Agosti, oda zikaanza, na hakuna wimbo uliotoka kabla ya siku yenyewe. Mtu anayelipia asichokisikia anamlipa muimbaji kwa mapenzi. Nyimbo zenyewe bado hajazisemea kitu.

*"Albamu ya studio" ndiyo ipi? Ipo isiyo ya studio? (Chake Chake)*

Ipo. Kuna ya jukwaani, na kuna mkusanyiko wa nyimbo za zamani. EP ni ndugu mdogo wa albamu, kama ile aliyoanzia Zuchu wetu 2020. Hii ya Swift ni ya studio ya kumi na mbili, bila kuhesabu zile za zamani alizozirekodi upya.

*Binti yangu ana miaka 13, anaziimba jikoni huku akikuna nazi. Shemeji ananiambia kuna nyimbo chafu. Nimkataze? (Mama, Mwanakwerekwe)*

Dada yangu, shemeji hakukosea. Baadhi ya nyimbo zimetiwa alama ya E kwenye programu za muziki, yaani zina lugha kali. Lipo toleo lililosafishwa, mtafutie hilo.

Hata hivyo tusijifanye watakatifu. Kuna wimbo mmoja unaomsifu mchumba wake kwa mfano wa mti, na wahakiki kadhaa waliona haya kuusikiliza. Bibi zetu nao wameyaimba ya chumbani, kwa maua, kwa matunda, kwa jahazi na bandari, sisi watoto tumekaa mkekani tunapiga makofi, tusielewe kitu mpaka tulipooa. Fumbo la taarab lina ganda: mwenye umri wake hulivunja, mtoto hulipita. Hili la Swift limekuja limeshamenywa. Kosa hilo mimi naliona kubwa kuliko uchafu wenyewe.

*Kwa nini kwetu hakuna wahakiki wa albamu? (Michenzani)*

Wa kuandika ni wachache. Wa kuhakiki tunao tangu enzi za Siti binti Saad, aliyekwenda Bombay 1928 kurekodi santuri.

Niliwahi kukaa nyuma ya bibie mmoja kwenye taarab ya harusi. Beti mbili za kwanza hakuinua macho kwenye simu. Ya tatu, neno moja likamgusa mtu wa safu ya mbele. Bibie akafungua mkoba, akatoa noti iliyokunjika, akainyoosha juu ya goti kwa kiganja, akenda mbele kwa madaha, mkono juu. Akaipunga mara mbili upande wa yule mtu, ndipo akaitia mkononi mwa muimbaji. Akarudi kitini, wimbo haujesha, akashika tena simu yake. Ule ni uhakiki wa beti kwa beti, na ameulipia mwenyewe.

Kasoro yake, noti haiachi maandishi. Zuchu alipotoa albamu yake kamili ya kwanza, Peace and Money, mwishoni mwa 2024, mazungumzo niliyokutana nayo zaidi yalikuwa ya idadi ya watazamaji wa YouTube. Kijana wa Michenzani, kama una kalamu, anzia hapo.

*Ammi, wewe ungetoa nyota ngapi? (Bububu)*

Nyota sina. Ningeinuka kutunza kwenye wimbo wa kwanza, ule wa Ophelia, ambao kiitikio chake kilinifuata mpaka Darajani mnadani nikigombea samaki aina ya changu. Ningeinuka tena kwenye wa nne, alipoazima kipande kwa marehemu George Michael, muimbaji wa Uingereza, akakifanya chake. Baada ya hapo nimekaa. Wa mwisho, aliomwita muimbaji mwenziwe Sabrina Carpenter waimbe pamoja, noti niliitoa, nikaitazama, nikairudisha mfukoni.