Holmes na Dracula: anza na masharti ya zimwi

Ndugu, umeuliza namna ya kumkutanisha mpelelezi wa hadithini Sherlock Holmes na Dracula, zimwi mnyonya damu wa filamu ya 1931, bila upelelezi kugeuka uchawi mtupu. Kabla ya kuandika lolote, orodhesha masharti ya zimwi, kisha usiyavunje: haonekani kwenye kioo, na mchana hulala ndani ya sanduku lenye udongo wa kwao. Hizo ndizo dalili zako. Kwenye filamu, Van Helsing, profesa anayemwinda Dracula, anatupia jicho kioo kilicho ndani ya kifuniko cha kasha la sigara, anamwona Mina, msichana anayenyemelewa na Dracula, akiongea na hewa tupu. Huo ni upelelezi halisi, tena mzuri mno!

Wengi huharibu kwa kumfanya Holmes aamini mapema. Kwenye hadithi ya mnyonya damu wa Sussex (1924) anakataa mizimu katakata, na mama anayeshukiwa alikuwa akifyonza sumu shingoni mwa mwanawe. Basi mpe maelezo mawili ya kawaida, yote yaporomoke kwa ushahidi. Halafu afuate mzigo: masanduku matatu ya udongo, hati za meli, wachukuzi. Apate mawili, la tatu libebe sura za mwisho.

Mtu anayegeuka mbwa mwitu, wa filamu ya The Wolf Man (1941), ni mgumu zaidi. Hapangi mauaji, kwa hiyo fumbo liwe nani, si kwa nini.