Kipimo Kikionyesha Mimba, Uliza Iko Wapi

Wengi wetu hapa Dodoma tukishaona mistari miwili kwenye kipimo cha mkojo huanza kuhesabu miezi, na altrasaundi hupigwa tumbo likishaonekana. Kipimo hicho huthibitisha kwamba mimba ipo, lakini hakisemi iko wapi. Katika kila mimba mia moja, moja au mbili hutunga nje ya mji wa mimba, na zaidi ya tisa katika kila kumi za namna hiyo hukaa kwenye mrija wa uzazi, ambao ni mwembamba na hauwezi kuibeba, hivyo kadiri mimba inavyokua mrija hutanuka na unaweza kupasuka na kumwaga damu tumboni.

Kwangu yalianza maumivu ya chini ya tumbo upande wa kushoto, pamoja na matone ya damu ya kahawia, takriban wiki ya saba tangu hedhi ya mwisho. Zahanati niliyoanzia iliniandikia dawa za UTI bila kuniuliza niliona hedhi lini wala kunipima mimba. Ni kweli kwamba dalili hizi hufanana na za kidole tumbo, uvimbe wa ovari au mimba inayotishia kutoka. Hata hivyo, kwa mwanamke yeyote wa umri wa kuzaa anayelalamika tumbo, kipimo cha mimba kinapaswa kutangulia, hata kama ana kitanzi au amefunga kizazi, kwa sababu njia hizo huzuia mimba vizuri sana, lakini mimba ikipenya, uwezekano wa kuwa nje ya kizazi huwa mkubwa zaidi.

Hospitalini mjini walitumia altrasaundi ya kifaa kinachoingizwa ukeni, ambayo huona mapema kuliko ile ya juu ya tumbo. Mpimaji alikielekeza kifaa kushoto, akakirudisha katikati, akamwambia daktari: "Kizazi kitupu, na kuna maji nyuma yake." Maji hayo yalikuwa damu. Nilifanyiwa upasuaji siku hiyohiyo na mrija wa kushoto ukaondolewa. Wanaogundulika mapema, kabla mrija haujapasuka, baadhi yao hutibiwa kwa sindano ya methotreksati, dawa inayozuia mimba kuendelea kukua.

Si wote hupata jibu siku ya kwanza. Mimba ikiwa changa mno, altrasaundi inaweza isionyeshe kitu popote, na hapo daktari hupima homoni ya mimba kwenye damu, kisha huirudia baada ya saa 48. Mimba changa iliyo salama hupandisha kiwango hicho kwa kasi. Kikisuasua, shaka huongezeka. Anayetoka Mpwapwa au Kongwa huona taabu kulipa nauli mara mbili ndani ya siku chache, na maumivu yakipoa hushawishika kubaki nyumbani. Ni heri kutafuta ndugu wa kufikia mjini hadi majibu ya pili yatoke.

Jambo jingine ni maneno ya mashemeji na mawifi. Magonjwa ya zinaa kama klamidia na kisonono huharibu mirija kimyakimya na huongeza hatari, lakini karibu nusu ya wanaopata tatizo hili hawana sababu yoyote inayojulikana, kwa hiyo haliwezi kugeuzwa ushahidi wa mwenendo wa mtu.

Maumivu makali ya ghafla, kizunguzungu, kuzimia, au maumivu ya ncha ya bega, ambayo husababishwa na damu iliyofika chini ya kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo, ni dharura. Hata ukiwa kijijini Bahi usiku wa manane, tafuta usafiri wa kwenda hospitali yenye upasuaji na damu ya kuongezewa.

Aliyepata tatizo hili mara moja ana uwezekano wa takriban mmoja katika kumi wa kulipata tena, ingawa wengi wenye mrija mmoja huzaa salama. Ukishika mimba nyingine, nenda altrasaundi wiki ya sita au ya saba, na mweleze mpimaji historia yako kabla hajaanza.