Chui milia wa Ranthambore: jibu kwa anayemsindikiza mzee Delhi

Mkuu umesema unampeleka mzee hospitali Delhi, na katikati utapata siku tatu za kupumua, sasa unauliza kama kuna maana ya kwenda Ranthambore, ile hifadhi ya mkoa wa Rajasthan, kuona chui milia wakati Serengeti ushafika. Mi nimesoma Jaipur, mji wa mkoa huohuo, miaka miwili, Ranthambore nimeenda mara mbili, ya kwanza nikatoka kapa, ya pili nikamuona, kwa hiyo nakujibu kwa zote mbili.

Kwanza sahau mambo ya Serengeti. Kwetu dereva anasikia kwenye redio kuna simba Seronera, anakanyaga mafuta, mnakuta magari ishirini yamemzunguka na simba kalala hana habari na mtu. Ranthambore imegawanywa zoni kumi na zoni yako inaandikwa kwenye tiketi, ukipangiwa namba 7 basi hata kama kuna chui milia anaoga zoni 3 haikuhusu ndugu yangu. Halafu pori lenyewe makorongo na mawe, chui milia anatembea peke yake, anaweza akawa kajilaza hatua kumi toka barabarani na ukampita hivihivi.

Magari yako aina mbili, Gypsy ya watu sita na Canter ya watu ishirini. Mi nilivyosikia Canter nikacheka maana kwetu Canter inabeba mchanga na matofali, kumbe kule ni basi la wazi wameliwekea viti. Sasa safari ya kwanza ajenti mmoja wa mjini akanichukulia hela ya Gypsy, saa kumi na moja na nusu alfajiri ikaja Canter imejaa, watoto wanagombania chipsi, zoni yenyewe ya pembeni huko, masaa matatu tumeona swala, tausi, na matako ya nguruwe pori anakimbia. Ajenti simu hapokei mpaka leo. We book mwenyewe kwenye tovuti ya serikali ya Rajasthan, tena mapema sana maana zoni 1 mpaka 5 zinagombaniwa, jina liwe kama lilivyo kwenye pasipoti na pasipoti uende nayo. Mgeni analipa zaidi ya Mhindi, usinune, hata TANAPA wanafanya hivyohivyo.

Mara ya pili nilienda mwezi wa nne, joto limepita 40, majani yamekauka na maji yamebaki sehemu chache, ndo wakati wenyewe huo japo utaungua. Nikapata zoni 3, mzunguko wa mchana. Huku ndo kuna maziwa ya Padam Talao na Rajbagh, magofu ya wafalme pembeni ya maji, na ngome juu ya mlima inawachungulia. Muongoza wageni akamwambia dereva azime gari. Tukakaa tu. Nikajua mafuta yameisha, kumbe jamaa anasikiliza! Akatueleza kwa kunong'ona kwamba swala wenye madoa, wanaowaita chital, ni waoga wanaweza kupiga kelele hata kwa upepo, lakini sambar, yule mkubwa mweusimweusi, akibweka ujue kaona kitu kweli, na wale kima wenye uso mweusi wakikohoa juu ya mti angalia wanatazama wapi. Tukasikia sambar, mara moja, kama mtu kapiga honi ya lori, kimya, halafu tena. Gari likawashwa tukasogea kidogo tukazima tena.

Akatoka kwenye majani marefu, jike, taratibu kama mtu yuko uani kwake, akafika ukingoni akageuka akaingia majini kinyumenyume, akakaa maji yamemfika kifuani anatutazama. Aisee simba nimeona wengi ila pale nilisahau kupiga picha. Kama dakika kumi hakuna aliyekohoa. Muongoza wageni anasema ni wa ukoo wa Machli, yule jike maarufu aliyekufa 2016, jina lake maana yake samaki kwa sababu ya alama usoni, na aliwahi kupigana na mamba pale pale ziwani. Watu wa huko wana wivu sana na wanyama wao na wana haki, maana Sariska, hifadhi nyingine ya mkoa huohuo, majangili waliwamaliza chui milia wote, ikabidi kuanzia 2008 wapeleke wengine kutoka Ranthambore kwa helikopta. India nzima hesabu ya 2006 ilikuwa 1,411 tu, ya 2022 ikafika kama 3,682.

Kwa siku tatu zako panda treni Delhi mpaka Sawai Madhopur, mji ulio jirani na hifadhi, masaa manne matano hivi, lala huko, chukua mizunguko miwili au mitatu, mmoja ni kamari. Julai mpaka Septemba usijisumbue, ni mvua na zile zoni nzuri zinafungwa. Beba kitambaa cha kujifunga usoni, vumbi lake si la kawaida. Ukikosa kabisa panda ile ngome, kuna hekalu la Ganesh mahujaji wanajaa, ila ndizi ficha, wale kima hawana aibu. Na kama daktari akimruhusu mzee nenda naye tu, ila mtafutie Gypsy, Canter itamvunja kiuno mrudi hospitali kwa ugonjwa mwingine.